Faiawoli katika kompyuta ya nyumbani: Inachozuia na isichoweza kuzuia

MNAMO Agosti 11, 2003, kompyuta nyingi za Windows XP katika nchi mbalimbali zilianza kujizima na kujiwasha upya bila kuguswa. Kwenye skrini kilitokea kidirisha kilichomwarifu mwenye mashine kuwa alikuwa na sekunde 60 za kuhifadhi kazi yake, kisha hesabu ikaanza kuteremka. Waathiriwa hawakuwa wamefungua barua pepe ya kutiliwa shaka, wala hawakuwa wamepakua wimbo au mchezo. Walikuwa wameunganisha kompyuta zao na intaneti, basi.

Kilichowafikia kiliitwa Blaster, programu haribifu ya aina ambayo wataalamu huiita mnyoo kwa kuwa hujisambaza yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine pasipo msaada wa binadamu. Mnyoo huo ulikuwa ukibahatisha anwani za kompyuta zilizo kwenye intaneti na kubisha katika mlango mmoja maalumu, nambari 135, ambao Windows iliuacha wazi kwa shughuli zake. Ulipokuta kasoro ambayo haijazibwa, ulijipenyeza, ukaiagiza mashine hiyo ivute nakala kamili ya mnyoo, na mashine hiyo nayo ikaanza kubisha milango ya wengine. Shambulio hilo aghalabu liliivuruga huduma ambayo Windows haiwezi kufanya kazi bila hiyo, na ndiyo sababu ya kompyuta kujizima.

Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba kasoro hiyo tangu Julai 16, takriban majuma manne kabla. Hata hivyo, aliyekuwa hajakiweka alijikuta mtegoni. Kiraka kilipatikana intanetini, lakini kila alipoingia huko ili akipakue, mnyoo ulimfikia na kompyuta ikajizima kabla ya shughuli kukamilika. Mwenye muunganisho wa simu ya mezani, ambao kasi yake ilikuwa ya kobe, ndiye aliyetaabika zaidi.

Njia ya kujinasua ilikuwamo ndani ya mashine yenyewe. Windows XP ilipoanza kuuzwa Oktoba 2001 ilikuja na faiawoli, ila ilikuwa imezimwa, na swichi yake ilikuwa katika ukurasa wa mipangilio ambao watumiaji wengi hawakuwahi kuufungua. Waathiriwa walishauriwa waiwashe kwanza, ndipo waingie intanetini na kupakua kiraka kwa utulivu. Alama moja ndani ya kisanduku ilitosha kuuacha mnyoo nje ukibisha bila kufunguliwa.

Jina la kinga hii limezua utata katika Kiswahili. Wapo wanaoiita "ukuta wa moto", tafsiri inayomfanya msomaji kufikiria ukuta unaowaka. Katika Kiingereza, neno hilo lilitoka kwa wajenzi, nao walimaanisha kinyume chake: ukuta usioshika moto, unaotenganisha sehemu mbili za jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke hadi wa pili. Wengine wamependekeza "ukuta kinga", ambalo ni bora. Makala haya yanatumia "faiawoli" kwa kuwa ndilo neno ambalo mwenye kompyuta atalisikia kwa fundi.

Ili kufahamu faiawoli inavyofanya kazi, yafaa kwanza kuelewa milango hiyo ni nini. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani, na katika anwani hiyo mna milango zaidi ya 65,000, ambayo wataalamu huiita poti. Si milango ya kushikika bali ni nambari zinazobainisha ni programu ipi ndani ya kompyuta inayotafutwa. Seva ya tovuti salama husubiri wageni katika mlango wa 443, huduma ya Windows ya kushiriki faili na printa husubiri katika mlango wa 445, na ile ya kuendesha kompyuta kutoka mbali husubiri katika mlango wa 3389. Data husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti ndogondogo, na kila pakiti hubeba anwani ilikotoka, anwani inakokwenda pamoja na nambari ya mlango. Faiawoli huyasoma maelezo hayo, huyalinganisha na kanuni ilizopewa, kisha huipitisha pakiti au huitupa.

Kanuni hizo zingekuwa butu iwapo faiawoli isingekuwa na kumbukumbu. Mtu anapofungua tovuti ya gazeti, kompyuta yake ndiyo inayoanzisha mazungumzo. Faiawoli hunakili jambo hilo, na majibu yanaporejea huyatambua na kuyaruhusu. Pakiti ambayo haikuitwa na yeyote hutupwa, na mara nyingi aliyeituma hapewi hata jibu la kumwonyesha kuwa pana mtu nyumbani. Kwa hivyo mwenye kompyuta anaweza kusoma habari, kutazama video na kutuma barua pepe ilhali milango yake yote imefungwa kwa wageni wasioalikwa.

Baada ya Blaster ulizuka mnyoo mwingine, Sasser, mwanzoni mwa Mei 2004, ambao uliingia kupitia mlango wa 445. Mwaka huo huo, taasisi ya SANS ya Marekani, inayofuatilia mashambulizi ya intaneti, ilikadiria kuwa kompyuta ya Windows isiyo na viraka ingedumu takriban dakika 20 tu tangu kuunganishwa na intaneti kabla ya kushambuliwa. Muda huo haukutosha kupakua viraka vyenyewe.

Agosti 2004, Microsoft ilitoa toleo la pili la marekebisho ya Windows XP, ambalo liliiwasha faiawoli bila kumngoja mwenye kompyuta. Aidha, toleo hilo liliziba ufa ambao wengi hawakuufahamu. Awali, kompyuta ilipokuwa ikiwaka, mtandao ulianza kufanya kazi kabla ya faiawoli, na katika mwanya huo mfupi mashine ilikuwa uchi. Tangu wakati huo, kila toleo la Windows limeuzwa faiawoli ikiwa imewashwa. Pengine hakuna badiliko jingine dogo kama hilo lililowafaa watumiaji wa kawaida kuliko hili, nao hawakutakiwa kufanya lolote.

Faiawoli ya Windows XP ilikagua yaliyoingia pekee. Kwa waliotaka pia kujua ni programu ipi iliyotoka nje na kwa idhini ya nani, zilikuwapo programu kama vile ZoneAlarm, ambayo ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuwa nakala yake ya nyumbani ilitolewa bure. Kila programu mpya ilipojaribu kuwasiliana na nje, ZoneAlarm ilisimamisha kazi na kumuuliza mwenye kompyuta iwapo aliiruhusu.

Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini liliandamwa na dosari ya kibinadamu. Maswali yalikuwa mengi na majina ya programu yalikuwa mageni. Mtu aliyekataa bila kuelewa alikuta barua pepe haiingii au kalenda haifanyi kazi, na baada ya hapo alikubali kila kitu. Bawabu anayeuliza swali kila dakika humzoesha mwenye nyumba kujibu "mpitishe" bila kuchungulia dirishani.

Faiawoli ya Windows imekuwa na uwezo wa kuchuja yanayotoka tangu toleo la Vista, lililoingia madukani Januari 2007. Hata hivyo, Microsoft iliamua kuwa, mtumiaji asipoweka kanuni zake, yanayoingia bila kualikwa yazuiwe na yanayotoka yaruhusiwe. Wapo wanaoulaumu uamuzi huo. Ukweli ni kwamba kwa nyumba ya kawaida una mantiki, kwani programu haribifu ambayo imekwisha kuingia inaweza kujificha nyuma ya kivinjari ambacho tayari kina idhini ya kutoka, au kuizima faiawoli ikiwa mwenye kompyuta anatumia akaunti yenye mamlaka yote. Kuchuja yanayotoka kunawafaa walio na subira ya kujifunza. Kwa wengine, manufaa makubwa zaidi hupatikana kwa kutumia akaunti ya kawaida katika shughuli za kila siku, na kuiacha akaunti ya msimamizi kwa siku ya kuweka programu mpya.

Kutokana na mpangilio huo, kidirisha cha onyo ambacho Windows huonyesha wakati mwingine hufasiriwa visivyo. Kidirisha hicho hujitokeza programu inapotaka kufungua mlango na kusubiri wageni kutoka nje. Hakiulizi iwapo programu iruhusiwe kutumia intaneti. Anayebonyeza kitufe cha kukataa akidhani ameitenga kabisa programu hiyo na intaneti amekosea, maana bado inaweza kutoka na kutuma inachotaka. Kwa upande mwingine, anayekataa kwa tahadhari hapotezi mengi. Programu nyingi, ikiwemo michezo na zile za mikutano ya video, huendelea kufanya kazi kwa sababu zenyewe ndizo zinazoanzisha mazungumzo.

Basi mtu ajibu vipi kidirisha hicho kinapojitokeza? Linalofaa kutazamwa kwanza ni iwapo yeye mwenyewe ameifungua programu hiyo dakika hiyo. Mwanafunzi aliyefungua programu ya kuhamisha faili baina ya kompyuta mbili na papo hapo akaulizwa kuihusu ana sababu ya kukubali. Swali linalozuka mtu akiwa anaandika barua, kuhusu programu asiyoitambua, halina haja ya kujibiwa kwa haraka. Akatae, kisha atafute jina la programu hiyo. Akigundua baadaye kuwa alikosea, ruhusa inaweza kutolewa wakati wowote katika orodha ya programu zilizoidhinishwa.

Suala jingine ambalo wengi hulipita ni aina ya mtandao. Windows hugawa mitandao ya nyumbani katika makundi mawili, ule wa faragha, ulioandikwa "Private", na ule wa hadhara, ulioandikwa "Public". Tofauti yake si ya jina tu. Katika mtandao wa faragha kompyuta huweza kuonekana na mashine jirani, na milango ya kushiriki faili na printa huenda ikawa wazi. Katika mtandao wa hadhara kompyuta hujificha. Mtu akiketi na kipakatalishi katika mkahawa jijini Nairobi, katika chumba cha hoteli Mombasa au katika bweni la chuo, mtandao wa waifai anaoutumia una wageni ambao hawajui. Akiuita wa faragha, anawafungulia milango aliyodhani ni ya nyumbani kwake. Microsoft yenyewe hupendekeza chaguo la hadhara hata nyumbani, isipokuwa pale ambapo mtu anahitaji kushiriki faili au kutumia huduma inayodai kompyuta ionekane.

Baadhi ya watu huuliza iwapo faiawoli ya kompyuta ina haja tena, kwa kuwa nyumba nyingi sasa zina ruta. Swali hilo ni la haki. Ruta ya nyumbani hutumia anwani moja ya nje kwa niaba ya vifaa vyote vya ndani. Pakiti isiyoalikwa inapofika, ruta haijui impelekee nani na huitupa. Laiti nyumba nyingi zaidi zingekuwa na kifaa hicho mwaka wa 2003, Blaster usingefika mbali. Nchini Kenya, hadi nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Kompyuta chache za nyumbani ziliunganishwa kwa muda mfupi kupitia simu, na kukatwa mara kazi ilipokwisha. Leo, nyumba yenye mtandao wa faiba huwa intanetini usiku na mchana.

Lakini ruta hulinda mpaka wa nje pekee. Haizuii kifaa kimoja ndani ya nyumba kukishambulia kingine. Mgeni akifika na kipakatalishi chenye maradhi na kupewa neno la siri la waifai, tayari yuko sebuleni. Hali kadhalika runinga, kamera za ulinzi na simu za zamani zisizopata tena masasisho. Mei 12, 2017, mnyoo wa WannaCry ulienea katika nchi zaidi ya 150, ukafunga faili za watu na kudai fidia ya dola 300, na kuvuruga huduma katika hospitali nyingi za Uingereza. Ulitumia ule mlango wa 445, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi 14 mwaka huo. Ukishaingia katika kompyuta moja ya ofisi, uliwafikia majirani zake wote ambao milango yao ilikuwa wazi kwa walio ndani. Ruta haikuwa njiani.

Fauka ya hayo, ruta nyingi hukubali ombi la programu yoyote ya ndani ya kufunguliwa mlango, bila kumshauri mwenye nyumba. Mpango huo uliwekwa ili kuwarahisishia kazi wacheza michezo ya mtandaoni. Asiyeuhitaji anaweza kuuzima katika mipangilio ya ruta.

Kukagua faiawoli si kazi ya fundi. Katika Windows 10 na 11, mtumiaji hufungua Windows Security kisha sehemu iliyoandikwa "Firewall & network protection". Hapo ataona aina za mitandao na hali ya kila moja, na zote zapaswa kuonyesha kuwa faiawoli imewashwa. Wenye Windows 10 wakumbuke kuwa usaidizi wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Faiawoli yake ingali inafanya kazi, ila haiwezi kuwa mbadala wa viraka. Kompyuta za Mac zina faiawoli pia, lakini kwa kawaida huwa imezimwa hadi mwenyewe aiwashe katika mipangilio ya mtandao, nayo hukagua yanayoingia tu. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, huja na zana iitwayo ufw ambayo nayo huwa imelala. Amri moja, "sudo ufw enable", huiamsha.

Haifai kuendesha faiawoli mbili za aina moja kwa wakati mmoja katika kompyuta. Hazizidishi ulinzi. Kila moja hutupa pakiti kwa kanuni zake, na hitilafu inapozuka haijulikani ni ipi iliyozuia. Programu nyingi za kukinga virusi zinazouzwa pamoja na faiawoli hushika kazi hiyo badala ya ile ya Windows, kwa hivyo muda wa malipo yake unapokwisha inafaa kuthibitisha ni ipi iliyobaki kazini.

Kosa lililo baya zaidi ni kuizima faiawoli nzima kwa sababu programu moja imekataa kufanya kazi. Ushauri huo hutolewa na marafiki, na hata baadhi ya mafundi: "Izime kwanza tuone." Printa ikishachapisha, hakuna anayekumbuka kuiwasha tena. Njia sahihi ni kuiruhusu programu hiyo peke yake, na katika aina ya mtandao inakohitajika tu. Mlango wa 3389 wa kuendesha kompyuta kutoka mbali unastahili tahadhari ya pekee. Ukiachwa wazi kwa intaneti yote, hubishwa na mashine zinazojaribu maneno ya siri mchana na usiku.

Yapo mengi ambayo faiawoli haiwezi kuyazuia. Mnyoo wa Conficker, uliozuka Novemba 2008, uliingia kupitia mlango wa 445 kama wenzake, lakini pia ulisafiri ndani ya diski za flashi. Mwanafunzi aliyechapisha insha yake kwenye saiba kisha akachomeka flashi hiyo nyumbani aliupitisha mnyoo mlango wa nyuma, na faiawoli haikuwa na habari. Vivyo hivyo, faili iliyoambatishwa kwenye barua pepe huingia kwa mwaliko wa mpokeaji. Tovuti bandia inayoiga ya benki hufunguliwa na mtumiaji mwenyewe, na faiawoli huyaruhusu majibu yake kama ilivyoagizwa. Tapeli anayepiga simu na kuomba nambari ya siri ya M-Pesa hapiti hata karibu na kompyuta.

Kompyuta inaporudi kutoka kwa fundi ndipo ukaguzi unapohitajika zaidi. Mashine iliyowekewa Windows upya huwa imepoteza kanuni zote za awali, na baadhi ya nakala haramu huja faiawoli na masasisho yakiwa yamezimwa makusudi. Kwa hivyo ukurasa ule wa faiawoli wafaa kufunguliwa kabla ya waya wa mtandao kuchomekwa au waifai kuwashwa, na masasisho yapakuliwe kabla ya jambo jingine lolote. Orodha ya programu zilizoidhinishwa nayo ipitiwe papo hapo. Mara nyingi hukutwa humo mchezo ulioondolewa kitambo au programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ambayo fundi aliiweka ili kumaliza kazi yake, na mlango wake ungali wazi.